Ofisi ya Jimbo na Vitabu vya Majina: Lilongwe na Dzaleka

Historia ya Kanisa Katoliki nchini Malawi husimuliwa mara nyingi kwa majina ya watu wachache: wamisionari waliofika kwanza, maaskofu waliowekwa wakfu, na wale waliogombana na serikali. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaruka mahali ambapo kazi nyingi ilifanyika, yaani ofisini. Katika insha hii nachunguza kazi ya ofisi ya utawala ya jimbo Katoliki, ambayo katika Sheria ya Kanisa huitwa kuria, nikichukua Jimbo la Lilongwe kama mfano. Swali langu ni moja: ofisi hii hufanya nini hasa, na kazi yake ina maana gani kwa watu waliohama makwao, kama sisi wakazi wa Dzaleka?

Hoja yangu ni kwamba kazi kubwa ya ofisi ya jimbo ni kutunza majina ya watu na kuyapitisha kwa usalama kutoka mahali hadi mahali. Amri na nyaraka huja baadaye. Kazi hiyo huonekana ndogo, tena ya kuchosha, lakini katika historia ya Malawi imewahi kuwa jambo zito kwa taifa zima, na kwa mkimbizi inaendelea kuwa jambo zito hadi leo.

Kuria ni nini

Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983 inaeleza kuria kuwa ni watu na vyombo vinavyomsaidia askofu kuongoza jimbo lote. Watu wake wakuu si wengi. Yupo vika mkuu, ambaye ni makamu wa askofu katika utawala. Yupo kansela, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hati za ofisi zinaandikwa, zinatumwa na zinahifadhiwa. Yupo mtunza fedha, anayeteuliwa kwa kipindi cha miaka mitano na kutoa hesabu mbele ya baraza la fedha. Ipo pia mahakama ya Kanisa, ambayo kwa sehemu kubwa hushughulikia kesi za ndoa. Siku hizi jimbo huwa pia na tume za elimu, afya, haki na amani, na maendeleo, na nchini Malawi hiyo ya mwisho ilijulikana kwa miaka mingi kwa jina la CADECOM.

Kwa mwanafunzi wa historia, anayevutia zaidi ni kansela. Kanuni ya 487 inasema kwamba nyaraka za jimbo zifungwe kwa ufunguo, na ufunguo huo wawe nao askofu na kansela peke yao. Mtu mwingine haingii bila ruhusa. Lakini kanuni hiyo hiyo inaongeza kwamba mhusika ana haki ya kupewa nakala ya hati inayohusu hali yake mwenyewe, ikiwa kwa asili yake si hati ya siri. Kwa hiyo jina lako limefungiwa ndani, lakini likiulizwa na wewe mwenyewe lazima litolewe.

Chini ya ofisi ya jimbo kuna parokia, na kila parokia ina vitabu vyake: cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Kati ya hivyo, kitabu cha ubatizo ndicho shina. Pembeni ya jina la mbatizwa huachwa nafasi, na hapo huandikwa baadaye kipaimara chake, ndoa yake, upadrisho wake au nadhiri zake. Tuseme mtu amebatizwa Likuni kisha akafunga ndoa Mzuzu. Paroko wa Mzuzu analazimika kupeleka taarifa Likuni ili iandikwe pembeni ya jina lile. Mtu anahama, lakini jina lake halihami. Kila jambo kubwa la maisha yake linarudi kuandikwa pale lilipoanza.

Utaratibu huu haukuzaliwa Afrika. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza mapadre kutunza vitabu vya ndoa na ubatizo, kwa sababu Ulaya ya wakati ule ilisumbuliwa na ndoa za siri: mwanamume aliweza kuoa kijijini, akahamia mjini, akaoa tena, na mke wa kwanza akakosa ushahidi. Mwaka 1907 amri ya Papa Pius wa Kumi iitwayo Ne Temere iliagiza ndoa iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo tangu mwanzo vitabu hivi viliwekwa kwa ajili ya watu wanaohama, na kwa ajili ya kumlinda yule anayeachwa nyuma.

Uandishi kabla ya jimbo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ofisi na barua viliingia Malawi pamoja na wamisionari. Nkhotakota, kando ya ziwa, ilikuwa na watawala waliojulikana kama Jumbe, waliotoka pwani na kushika njia za biashara katika karne ya 19. Machifu wa Kiyao wa kusini mwa ziwa nao walikuwa na waandishi, na barua zao ziliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili, ambacho leo kinasikika kila asubuhi katika soko la Dzaleka, kilikuwa lugha ya karatasi katika nchi hii kabla ya kuwapo mpaka wowote wa Malawi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hutuambia mara kwa mara kwamba lugha yetu ni mgeni hapa.

Ilikuwa kwa mmoja wa machifu hao, Mponda, kwamba Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, walifika tarehe 28 Desemba 1889. Hawakukaa sana, mwaka 1891 waliondoka kuelekea kaskazini. Kiongozi wao, Adolphe Lechaptois, alifanywa baadaye kuwa askofu wa Tanganyika, akiwa na makao Karema, katika Tanzania ya leo. Shirika hilo lilirudi Malawi mwanzoni mwa karne iliyofuata, na mwaka 1902 likafungua misheni za Likuni, karibu na Lilongwe, na Mua, karibu na ziwa.

Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameweka sharti kwamba kila misheni iwe na shajara, kitabu ambamo mambo ya kila siku huandikwa. Pia alitaka mwanafunzi wa dini afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Masharti haya mawili yalizaa karatasi nyingi. Katekumeni wa miaka minne lazima aandikwe, ahesabiwe, na ajulikane ametoka kijiji gani na nani ni msimamizi wake. Kwa kuwa shirika hilo hilo ndilo lililofungua misheni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, Burundi, Rwanda na Kivu, watu wa sehemu hizo zote waliandikwa kwa utaratibu unaofanana, muda mrefu kabla hawajakutana katika foleni moja ya maji hapa Dzaleka.

Kutoka vikarieti hadi jimbo kuu

Mwaka 1913 eneo hili lilifanywa Vikarieti ya Kitume ya Nyasa. Mwaka 1956 Dedza ilikatwa na kuwa vikarieti yake chini ya Cornelius Chitsulo, askofu wa kwanza Mmalawi. Mwaka 1959 Lilongwe ikawa jimbo kamili, na tarehe 9 Februari 2011 ikawa jimbo kuu, likiwa na majimbo ya Dedza, Mzuzu na Karonga chini yake.

Tarehe hizi husomwa kama orodha ya sifa, lakini kwa ofisi zina maana nyingine. Kila mpaka mpya unapochorwa, parokia fulani zinahamia kwa askofu mwingine, na faili zake, hesabu zake na kesi zake lazima zifuate. Mwanamke aliyefungua kesi ya ndoa kabla ya mgawanyo hapaswi kuanza upya baada yake. Anayehakikisha hilo ni karani na kansela, ambao hatuwasomi katika vitabu.

Kuanzia mwaka 1972 jimbo la Lilongwe liliongozwa na Patrick Kalilombe, Mmalawi wa kwanza kuwa Mmisionari wa Afrika. Alijenga jimbo lake juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo kwa Kichewa ziliitwa miphakati. Wazo hilo lilikuwa linaenea katika ukanda wote: maaskofu wa AMECEA, umoja ulioundwa mwaka 1961, walilifanya kuwa kipaumbele katika mikutano yao ya miaka ya 1970. Watanzania wanazijua kama jumuiya ndogo ndogo, na Wakongo wa Kivu wanaziita shirika.

Kiutawala hili lilikuwa badiliko kubwa. Jina la mkristo halikuwa tena katika kitabu cha parokia tu; lilijulikana na majirani kumi au ishirini waliokutana kila wiki. Serikali ya chama kimoja ya Rais Kamuzu Banda haikuipenda mikutano ya nyumba kwa nyumba isiyokuwa ya chama. Mwaka 1976 Kalilombe alilazimika kuondoka nchini, na mwaka 1979 akajiuzulu uaskofu akiwa uhamishoni. Katika miaka hiyo mitatu jimbo lilikuwa na askofu asiyeweza kukaa ndani yake. Watoto waliendelea kubatizwa na ndoa ziliendelea kufungwa. Hapa naona ushahidi wa kwanza wa hoja yangu: askofu anaweza kufukuzwa, na bado jimbo likabaki jimbo kwa sababu vitabu vinaendelea kuandikwa.

Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992

Ushahidi wa pili unajulikana zaidi. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka 1992, katika makanisa Katoliki nchini kote, ilisomwa barua ya kichungaji ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Kuishi Imani Yetu". Ilisema waziwazi juu ya umaskini, shule na hospitali mbovu, upendeleo, na hofu ya watu kusema wanachofikiri. Waliotia saini walikuwa saba, kutoka Blantyre, Chikwawa, Dedza, Lilongwe, Mangochi, Mzuzu na Zomba. Kwa upande wa Lilongwe aliyetia saini ni Askofu Matthias Chimole.

Tunawasifu hao saba kwa ujasiri, na wanastahili. Lakini tujiulize jambo hilo liliwezekanaje. Nakala zipatazo 16,000 zilichapwa kwa siri na kiwanda cha uchapaji cha Montfort huko Balaka, kukiwa na tafsiri za Kichewa na Kitumbuka. Katika nchi ambayo barua zilifunguliwa na polisi na simu zilisikilizwa, nakala hizo zilifika parokiani bila habari kuvuja, zikasomwa siku moja. Hii ilikuwa kazi ya mtandao wa ofisi za majimbo: kujua parokia ni ngapi, kila moja inahitaji nakala ngapi, nani ataipeleka, na paroko gani anaweza kuaminiwa kukaa kimya hadi Jumapili. Njia ile ile iliyopitisha vyeti vya ubatizo na taarifa za ndoa ndiyo iliyopitisha barua iliyotikisa utawala.

Siku chache baadaye maaskofu waliitwa na polisi na kuhojiwa kwa saa nyingi. Kuwa na nakala ya barua kukawa kosa la jinai. Monsinyori John Roche, raia wa Ireland aliyesimamia Mzuzu, alifukuzwa nchini. Lakini karatasi zilikuwa zimekwisha kusomwa. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi, na Mei 1994 uchaguzi mkuu ukamwondoa Banda.

Dzaleka: kutoka gereza hadi kambi

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Jina lake linatokana na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha, na hufasiriwa kuwa "sitarudia tena". Lilikuwa jina la kufaa kwa gereza, na wakati wa Banda Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, mwaka uleule wa uchaguzi, ilifunguliwa kama kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000; leo tuko zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, na wengine Burundi, Rwanda, Ethiopia na Somalia.

Makanisa tuliyoyaacha nyuma nayo yalipigwa. Juni 1994 maaskofu watatu wa Rwanda waliuawa karibu na Kabgayi. Septemba 1996 aliuawa Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega, Burundi, na tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu. Maaskofu wakifa hivyo, si vigumu kufikiri nini kiliwapata makarani na makabati ya parokia za vijijini.

Nyumbani kwetu karatasi ya zamani kuliko zote ni karata ya ubatizo ya mama yangu, ya Kivu ya Kusini. Ina jina lake, la baba yake na mama yake, la msimamizi, tarehe, na namba ya ukurasa wa kitabu. Cheti cha kuzaliwa cha serikali hakuwahi kuwa nacho. Katika hilo hatofautiani sana na Wamalawi wengi wa umri wake, maana Malawi ilitunga Sheria ya Usajili wa Taifa mwaka 2010 tu, na watu wazima waliandikishwa kwa wingi mwaka 2017. Kwa vizazi kadhaa, pande zote mbili za mpaka, kitabu cha Kanisa ndicho kilichosema kwamba mtu fulani alizaliwa, na ni mtoto wa nani.

Sasa tuchukue mfano wa vijana wawili wa Dzaleka wanaotaka kufunga ndoa kanisani, ambao mmoja alibatizwa katika parokia iliyochomwa. Kawaida cheti cha ubatizo kinachohitajika kwa ndoa kiwe kipya, si kile cha zamani, ili ionekane kama pembeni ya jina pameandikwa ndoa nyingine. Paroko hawezi kukipata, kwa hiyo ofisi ya jimbo huandika kwa ofisi ya jimbo la asili. Kama kitabu hakipo, Sheria ya Kanisa ina njia nyingine. Kanuni ya 876 inasema kwamba, ikiwa hakuna anayedhurika, neno la shahidi mmoja asiye na mashaka linatosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Kwa uhuru wa kuoa, mashahidi wanaomfahamu tangu ujana wanaulizwa pia. Maelezo yao yanaandikwa, yanatiwa mhuri, na jina linaanza tena kuwa na ukurasa.

Naomba msomaji alinganishe utaratibu huo na ule wa kuomba hadhi ya ukimbizi, ambao kila familia hapa inaujua. Kule mtu huulizwa maswali yaleyale mara nyingi, na tarehe ikipishana kidogo, neno lake linatiliwa shaka. Sheria ya Kanisa ilitungwa na watu waliojua kwamba vitabu huungua, kwa hiyo inakubali neno la jirani. Katika jambo hili sheria ya zamani inamfahamu mkimbizi kuliko nyingi za kisasa.

Mipaka ya kazi hii

Hata hivyo, vitabu hivi visitukuzwe kupita kiasi. Kwanza, viliandika wale tu waliobatizwa. Waislamu, Wapentekoste na wengine wengi wa Dzaleka hawamo. Pili, wamisionari waliandika majina jinsi walivyoyasikia, na jina la ubatizo likapata nafasi ya kwanza kuliko jina la ukoo. Tatu, mwanamume mwenye wake wengi alitakiwa kubaki na mmoja ili abatizwe. Wake walioachwa wanaweza kutoonekana kabisa kitabuni, ingawa maisha yao ndiyo yaliyobadilika zaidi. Mtafiti anayetumia vitabu vya ubatizo lazima aulize pia nani hakuandikwa.

Nne, cheti cha ubatizo hakimpi mkimbizi haki za kiraia. Malawi ilikubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiweka pingamizi juu ya baadhi ya haki, zikiwemo za kufanya kazi na kutembea huru. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha kambini kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo. Mhuri wa kansela hauwezi kumruhusu mtu kufungua tena duka lake City Centre, sehemu ya jiji iliyojengwa kwa ajili ya mji mkuu uliohamia kutoka Zomba mwaka 1975. Unaweza kusema tu yeye ni nani, mwana wa nani, mume au mke wa nani.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba ofisi ya jimbo la Lilongwe ilirithi utaratibu uliotungwa kwa ajili ya watu wanaohama, kwamba utaratibu huo uliliwezesha jimbo kuendelea askofu wake alipokuwa uhamishoni, na kwamba mwaka 1992 ulibeba ujumbe ambao redio na magazeti yasingethubutu kuubeba. Kwa wakimbizi wa Dzaleka, utaratibu huohuo ni mojawapo ya njia chache zinazounganisha maisha ya hapa na yale yaliyoachwa Kivu, Gitega au Kabgayi.

Kwa wanafunzi wenzangu wa historia nina pendekezo moja. Wazee waliozaliwa katika misheni za zamani za Kongo na Burundi wanazidi kupungua kambini. Wengi wanakumbuka jina la paroko aliyewabatiza, msimamizi wao, na kigango chao. Tuyaandike maelezo hayo sasa, kwa ruhusa yao, kwa Kiswahili, tukitaja tarehe na mahali kadiri wanavyokumbuka. Kanuni inasema shahidi mmoja anatosha, lakini lazima awe hai ili aulizwe.